Kuhuisha Daftari na Kuboresha Vifurushi vya Kompyuta kwa Mstari wa Amri

Utangulizi

Shule ya msingi inapopata kompyuta, kwanza hutafutwa chumba chenye mlango unaofungika, kisha hutafutwa mwalimu wa kuzitunza. Aghalabu mwalimu huyo huwa ni yule aliyetoka chuoni karibuni. Hukabidhiwa ufunguo, na tangu siku hiyo kila ugonjwa wa mashine huwa ni wake. Kwa hiyo yafaa mwalimu mwanachuo ajifunze mapema zile kazi chache za utunzaji zisizokwepeka. Katika makala haya tutaeleza mojawapo: namna ya kuhuisha msimamizi wa vifurushi vya programu, pamoja na vifurushi anavyovisimamia, kwa kuandika amri. Kompyuta tutakazozizungumzia ni zile zinazoendeshwa na Debian au Ubuntu, mifumo ya jamii ya Linux itolewayo bila malipo.

Tuanze na kisa kilichotufika sisi wenyewe. Katika chumba chetu cha kompyuta palikuwa na mashine moja iliyokaa kabatini muhula mzima. Ilipotolewa, tulimpa mwanachuo mmoja kazi ya kuhakikisha kwamba programu zake zote ni za toleo jipya. Aliandika amri ya kuboresha. Mashine ilijibu kwamba vifurushi vilivyoboreshwa ni 0, vilivyoongezwa ni 0, vya kuondolewa ni 0, na vilivyoachwa bila kuboreshwa ni 0. Mwanachuo akaandika katika daftari la chumba kwamba mashine ni nzima, nasi tukatia sahihi. Wiki mbili baadaye mwenzake alizifuata hatua zote kwa utaratibu, na mashine ile ile ikaorodhesha vifurushi zaidi ya mia moja vilivyokuwa vikingoja, kivinjari cha intaneti kikiwa miongoni mwao. Kwa muda wa wiki mbili wenzetu walikuwa wameitumia mashine yenye kasoro ambazo dawa yake ilikwisha kutolewa.

Je, mashine ilisema uongo? La. Ilijibu kwa ukweli swali iliyoulizwa, ila ilijibu kutoka katika daftari kuukuu. Siku ile haikuwa hata imeunganishwa na intaneti, jambo ambalo peke yake lingetosha kututia shaka. Mwanachuo yule alifanya hatua ya pili bila ya kufanya ya kwanza, na sisi tulitia sahihi bila kuuliza. Msingi wa maelezo yote yafuatayo ni huo: jibu la mashine halizidi upya wa daftari inalolisoma.

1. Kifurushi ni nini, na msimamizi wake ni nani?

Katika mazungumzo ya kila siku neno kifurushi hutumika kwa maana ya muda wa maongezi au intaneti tunayoinunua kwa simu. Ili tusichanganye mambo, hicho tutakiita bando. Kifurushi katika makala haya ni mkusanyo wa faili zote zinazounda programu moja, pamoja na maelezo yake: jina lake, nambari ya toleo lake, na majina ya vifurushi vingine ambavyo bila hivyo programu hiyo haiwezi kufanya kazi. Programu ya kuandikia barua, kwa mfano, huhitaji vifurushi vya herufi, vya kuchapisha na vya kukagua tahajia. Vifurushi hutegemeana kama matofali ya ukuta.

Kutegemeana huko ndiko kulikoleta haja ya msimamizi. Mfumo wa Debian ulianzishwa na Ian Murdock mwaka 1993. Ndani yake mna programu iitwayo dpkg, ambayo kazi yake ni kufungua kifurushi kimoja kimoja na kuzipanga faili zake mahali pake. Tunaweza kuifananisha dpkg na fundi mwashi: hulipanga tofali alilopewa, lakini hatoki kwenda kulitafuta. Mwaka 1999, katika toleo la Debian 2.1, ilitokea programu nyingine iitwayo APT. Hiyo ndiyo msimamizi. Hujua matofali yapatikana wapi, hujua lipi latangulia lipi, huyaleta, kisha humkabidhi fundi. Ubuntu ulipotoka mwaka 2004 ulijengwa juu ya msingi huo huo wa Debian, na ndiyo maana amri tutakazozieleza hufaa mifumo yote miwili. Kwa miaka mingi amri ya msimamizi huyu iliandikwa apt-get, na hata leo inakubaliwa. Amri fupi, yaani apt, ilianza mwaka 2014, nayo ndiyo tutakayoitumia.

2. Daftari si ghala

Kabla ya kugusa mashine, hapana budi mwanachuo aelewe tofauti kati ya kuhuisha na kuboresha. Tuchukue mfano wa vitabu vya shule. Tuseme kuna ghala kuu la vitabu mjini, na katika kila shule kuna mwalimu wa stoo. Mwalimu huyo hawezi kuliona ghala kutoka alipo. Alichonacho ni nakala ya orodha ya ghala: kitabu fulani, toleo la tatu, kingine, toleo la kwanza. Mwalimu mkuu anapomwuliza kama kuna toleo jipya lolote ambalo shule haijalipata, mwalimu wa stoo hulinganisha rafu zake na nakala ile. Ikiwa nakala ni ya mwaka juzi, atajibu kwamba hakuna jipya, naye atakuwa ameisoma sawasawa nakala aliyo nayo.

Kwa hiyo kuna kazi mbili mbalimbali. Kazi ya kwanza ni kwenda mjini kuchukua nakala mpya ya orodha. Kazi hii haileti hata kitabu kimoja rafuni. Kazi ya pili ni kuvileta vitabu vyenyewe kwa kufuata orodha hiyo. Kazi hii haitazami kama orodha imechakaa. Katika APT kazi ya kwanza huitwa update, nasi tutaiita kuhuisha. Ya pili huitwa upgrade, nasi tutaiita kuboresha. Anayehuisha bila kuboresha ana orodha nzuri na rafu za zamani. Anayeboresha bila kuhuisha hupata jibu kama lile tulilolitilia sahihi.

Katika kompyuta, ghala ni mashine kubwa zilizo mbali na kufikiwa kwa intaneti. Anwani zao zimeandikwa katika faili la /etc/apt/sources.list na katika folda ya /etc/apt/sources.list.d. Nakala za orodha huhifadhiwa katika folda ya /var/lib/apt/lists. Tena orodha hizo huja na muhuri, yaani sahihi ya kitarakimu ya wenye ghala. Msimamizi huukagua muhuri kwa funguo alizo nazo, na ndani ya orodha hukuta alama ya utambulisho ya kila kifurushi. Mtu akikibadilisha kifurushi njiani, alama hazitalingana, na msimamizi atakikataa. Kwa sababu hiyo kuchukua programu katika ghala la mfumo ni salama kuliko kuichukua popote ilipookotwa.

3. Matayarisho

Mwalimu mwema hutayarisha zana kabla ya kipindi. Kwa kazi hii yafaa kuhakikisha mambo yafuatayo:

(a) Umeme. Kuboresha kukikatizwa katikati, vifurushi vingine huachwa nusu. Ikiwa mashine ni ya mapajani, betri yake ijazwe kwanza. Ikiwa ni ya mezani na umeme wa mahali hapo hukatika mara kwa mara, ichaguliwe saa ya utulivu.

(b) Bando. Kuhuisha daftari hutumia kiasi kidogo, lakini kuboresha mashine iliyokaa muda mrefu kwaweza kuhitaji mamia ya megabaiti. Msimamizi hutaja kiasi hicho kabla ya kuanza, kama tutakavyoona.

(c) Saa na tarehe ya mashine. Mashine iliyokaa kabatini hadi betri yake ndogo ya ndani ikaisha nguvu huweza kurudi nyuma kwa miaka. Orodha za ghala zina tarehe, na mashine inayodhani iko katika mwaka uliopita itazikataa kwa kuziona ni za wakati usiofika bado.

(d) Kazi za watu. Faili zilizo wazi zihifadhiwe na programu zifungwe.

(e) Daftari la chumba na kalamu. Kila hatua iandikwe: tarehe, amri iliyotolewa, jibu la mashine, na jina la aliyeitoa.

4. Hatua za kufuata

Hatua ya kwanza: kufungua dirisha la amri. Katika Ubuntu bonyeza kwa pamoja vitufe vya Ctrl, Alt na T. Katika mashine nyingine tafuta programu iitwayo Terminal. Dirisha litafunguka na kuonyesha mstari unaoishia kwa alama ya dola. Hapo ndipo mashine hungoja amri. Amri huandikwa kwa herufi ndogo, nafasi kati ya maneno hazirukwi, na haitekelezwi mpaka kitufe cha Enter kibonyezwe. Kwa hiyo kuna wakati wa kuisoma tena kabla ya kuituma, nasi twahimiza wakati huo utumiwe.

Hatua ya pili: kuhuisha daftari. Andika:

sudo apt update

Neno sudo huomba mamlaka ya mkuu wa mashine kwa ajili ya amri hiyo. Mashine itadai neno la siri. Unapoliandika, katika mashine nyingi hakuna herufi wala nyota itakayoonekana kwenye kioo. Wanafunzi wengi hudhani kibodi imeharibika, kumbe mashine inaficha tu. Andika, kisha bonyeza Enter.

Mistari itaanza kupita, kila mmoja ukianza kwa neno fupi. Hit maana yake ni kwamba orodha hiyo haijabadilika tangu ilipochukuliwa mara ya mwisho. Get maana yake ni kwamba nakala mpya inachukuliwa. Ign maana yake ni kwamba sehemu hiyo imerukwa. Err maana yake ni kwamba kuna kosa, na orodha hiyo haikupatikana. Mwishoni msimamizi hutaja idadi ya vifurushi vinavyoweza kuboreshwa, au husema kwamba vyote viko sawa.

Hapa pana mtego ambao twapenda kila mwanachuo aukumbuke. Intaneti ikikatika, msimamizi hasimami na kupiga kelele. Hutoa onyo kwamba baadhi ya orodha hazikupatikana, na kwamba zimeachwa au zile za zamani zimetumiwa badala yake. Kisha huendelea kutaja idadi ya vifurushi kana kwamba hakuna kilichotokea. Asomaye mstari wa mwisho peke yake ataridhika. Asomaye mistari yote atajua kwamba daftari ni lile lile kuukuu. Basi kanuni yetu ni hii: pakiwapo Err, au mstari unaoanza kwa W au E, usiende hatua ya tatu. Rekebisha mtandao, kisha uhuishe tena.

Hatua ya tatu: kuisoma orodha. Andika:

apt list --upgradable

Amri hii hutazama tu wala haibadili kitu, na kwa hiyo haihitaji sudo. Itaonyesha jina la kila kifurushi, toleo jipya lililoko ghalani, na toleo lililomo katika mashine. Mwanachuo achague vifurushi vitatu aviandike katika daftari la chumba, matoleo yote mawili kando kwa kando. Baada ya kazi atavirudia ili kuona kama kweli vimebadilika.

Hatua ya nne: kumhuisha msimamizi mwenyewe. Wanachuo hushangaa wanapoambiwa kwamba APT nayo ni kifurushi kama vingine, na kwamba huboreshwa kwa amri yake yenyewe. Huuliza, je, mtu aweza kubadili ngazi aliyoipanda? Jibu ni kwamba programu inapoendeshwa husomwa na kuwekwa katika kumbukumbu ya mashine. Mfumo wa Linux huruhusu faili mpya ichukue nafasi ya ile ya zamani diskini, huku programu iliyokwisha kuanza ikiendelea na nakala yake mpaka imalize. Amri itakayofuata ndiyo itakayokuwa ya toleo jipya. Kwa kawaida msimamizi huboreshwa pamoja na vifurushi vingine, lakini ukitaka kumtanguliza peke yake, andika:

sudo apt install --only-upgrade apt

Maneno --only-upgrade huiambia mashine iboreshe kifurushi ikiwa tayari kimo, wala isiweke kisichokuwamo. Ili kujua toleo ulilo nalo, kabla na baada ya kazi, andika apt --version.

Hatua ya tano: kuboresha vifurushi. Andika:

sudo apt upgrade

Msimamizi hataanza papo hapo. Kwanza atapanga hesabu, kisha ataonyesha majina ya vitakavyoboreshwa na vitakavyoongezwa. Atataja pia kiasi cha megabaiti zitakazochukuliwa kutoka mtandaoni, na nafasi ya diski itakayotumika au kuachwa wazi. Mwishoni atauliza kama aendelee, na kuonyesha herufi mbili: Y kwa ndiyo na n kwa hapana. Angalia kwamba Y imeandikwa kwa herufi kubwa. Maana yake ni kwamba ukibonyeza Enter bila ya kuandika chochote, umekubali. Wengi wamekubali mambo bila kujua kwa sababu ya kidole chepesi. Linganisha megabaiti zilizotajwa na bando lililobaki. Ikiwa bando halitoshi, jibu n. Hakuna dhara lolote. Kazi itangoja siku nyingine.

Amri hii ina tabia njema ya kufaa wanaoanza: haiondoi kifurushi chochote kilichokwisha kuwekwa. Ikiwa kifurushi fulani hakiwezi kuboreshwa bila kukiondoa kingine, hukiacha kama kilivyo na kukitaja katika orodha ya vilivyozuiliwa. Tena Ubuntu hutoa baadhi ya maboresho kwa awamu, mashine chache kwanza na nyingine baadaye, ili kasoro ikigunduliwa isienee. Kwa hiyo ukiona vifurushi viwili vitatu vimezuiliwa, usivilazimishe. Ipo amri nyingine, sudo apt full-upgrade, yenye ruhusa ya kuondoa vifurushi pale inapolazimu. Hiyo aitumie mtu aliyeisoma orodha ya vitakavyoondolewa tangu mwanzo hadi mwisho.

Hatua ya sita: kuhakikisha. Rudia amri ya hatua ya tatu. Orodha yapasa iwe tupu, au ibaki na vilivyozuiliwa tu. Vitazame vile vifurushi vitatu ulivyoviandika. Ikiwa kiini cha mfumo kimeboreshwa, mashine haina budi kuzimwa na kuwashwa upya, kwa kuwa kiini hakibadilishwi hivi hivi wakati kinafanya kazi. Mwisho, ukitaka kuondoa vifurushi vilivyoletwa zamani ili kuvisaidia vingine na sasa havihitajiki tena, tumia sudo apt autoremove, nayo pia uisome orodha yake kabla ya kukubali.

5. Matatizo ya mara kwa mara

Kufuli. Pengine mashine itasema imeshindwa kulipata kufuli la dpkg. Maana yake ni kwamba msimamizi mwingine yu kazini, aghalabu ule uhuishaji wa mashine yenyewe unaoanza inapowashwa. Haifai wawili kuandika katika daftari moja kwa wakati mmoja, na kufuli limewekwa kwa sababu hiyo. Ngoja dakika chache, kisha rudia. Usilifute faili la kufuli kwa kufuata ushauri wa mtu mwenye haraka.

Umeme kukatika. Mashine ikizimika katikati ya kuboresha, iwashe, kisha andika sudo dpkg --configure -a. Amri hii humwagiza fundi amalizie vifurushi vyote alivyoviacha nusu. Ikiwa bado kuna vifurushi vinavyolalamika kukosa tegemeo lao, andika sudo apt --fix-broken install, kisha uisome orodha kama ilivyo kawaida.

Diski kujaa. Vifurushi vinavyoletwa huweza kubaki katika folda ya /var/cache/apt/archives hata baada ya kutumika. Amri ya sudo apt clean huvifuta, na programu zilizokwisha kuwekwa hazidhuriki.

Ghala kufungwa. Hili latisha kuliko yote kwa sababu laweza kuwa kimya. Kila toleo la mfumo lina muda wake wa kuhudumiwa. Matoleo ya Ubuntu ya huduma ndefu hutoka kila baada ya miaka miwili, na huduma yake ya kawaida ni miaka mitano. Mathalani toleo la 24.04 lilitoka Aprili 2024. Muda ukiisha, wenye ghala huacha kuongeza marekebisho ya kawaida. Mashine yaweza kuhuisha daftari, ikajibu 0, nawe ukafurahi, kumbe ghala lenyewe limekwisha kufungwa. Kwa hiyo katika ukurasa wa kwanza wa daftari la chumba liandikwe toleo la mfumo wa kila mashine, pamoja na mwaka ambao huduma yake itakoma. Kuhamia toleo jipya la mfumo mzima ni kazi nyingine, yenye matayarisho yake, na hatutaieleza hapa.

6. Wasimamizi wengine

Mwanachuo akikutana na mfumo mwingine, asidhani kwamba maneno ni yale yale. Katika Fedora, msimamizi huitwa dnf, na amri ya sudo dnf upgrade hutazama yenyewe kama orodha imepitwa na muda, ikaichukua upya kabla ya kuboresha. Homebrew, inayotumika sana katika kompyuta za Apple, ina amri ya brew update ambayo humhuisha msimamizi mwenyewe pamoja na orodha zake, na brew upgrade ambayo huviboresha vifurushi. Maneno hutofautiana, lakini swali la kujiuliza ni lile lile: daftari hili ni la lini?

7. Namna ya kulifundisha somo hili

Tumeona kwamba wanachuo wanaokimbilia mashine hujifunza kuandika amri bila kuzielewa. Njia iliyotufaa sisi ni kuanza bila mashine kabisa. Gawanya darasa katika makundi mawili. Kundi la kwanza liwe ghala, nalo liwe na kadi za vitabu zenye nambari za matoleo. Kundi la pili liwe shule, nalo liwe na kadi zake pamoja na nakala ya orodha. Badilisha kadi za ghala kwa siri, kisha iulize shule kama kuna toleo jipya. Shule itajibu kwamba hakuna. Waache walio ghalani wacheke, kisha uwaulize walio shuleni kama wamesema uongo. Majadiliano yatakayofuata yana faida kuliko ukurasa mzima wa maelezo. Mchezo huu wafaa hata watoto wa darasa la sita, ambao hawahitaji kuandika amri yoyote ili kuelewa kwamba habari huzeeka.

Ndipo mwende kwenye mashine, watatu watatu. Mmoja aandike amri, wa pili asome kwa sauti jibu la mashine mstari kwa mstari, wa tatu aandike katika daftari. Baada ya kila hatua wabadilishane. Asiyesoma asiruhusiwe kubonyeza Enter.

Kwa kuwa majibu mengi hutolewa kwa Kiingereza, mwalimu aandike ubaoni mapema maneno yatakayojitokeza na maana zake. Lugha isiwe kisingizio cha kuruka mistari. Jitihada za kukiingiza Kiswahili katika kompyuta si ngeni. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, mkusanyo wa programu za ofisi kwa Kiswahili. Wanachuo nao waweza kuchangia kwa kutafuta maneno mazuri ya mambo wanayoyaona kwenye kioo.

Hitimisho

Amri tulizozieleza ni chache, na mwenye bidii atazikariri kwa siku moja. Lililo gumu ni mazoea: kuhuisha kabla ya kuboresha, kusoma kabla ya kukubali, na kuandika kabla ya kusahau. Siku hizi katika daftari letu la chumba hatukubali maneno "mashine ni nzima" peke yake. Kando yake ni lazima iandikwe tarehe ambayo orodha ilihuishwa bila kosa. Ukurasa wenye sahihi yetu ya siku ile bado tunao, na huwaonyesha wanachuo wapya kila mwaka.

Maswali ya mazoezi

1. Eleza kwa maneno yako mwenyewe kwa nini mashine yaweza kusema kweli na bado ikampoteza mwalimu.

2. Mwanachuo ameandika sudo apt update, akaona mistari miwili ya Err, na mwishoni mashine ikasema vifurushi vyote viko sawa. Afanye nini, na aandike nini katika daftari?

3. Msimamizi anasema anahitaji megabaiti 400, na bando lililobaki ni megabaiti 250. Jibu gani litolewe, na kwa kitufe gani?

4. Tayarisha mpango wa kipindi kimoja cha dakika 40 wa kuwafundisha watoto wa darasa la sita, bila kompyuta, tofauti kati ya kuhuisha orodha na kuleta vitu vilivyomo katika orodha.